Ubeti Uliobaki Tukuyu

Tangu nirudi, kila anayepita kibandani kwangu ananiuliza safari ilikuwaje. Nikianza kueleza, maneno yananikwama, nasema "nzuri tu" na kurudi kwenye cherehani. Dada yangu Rehema alichoka kunisikiliza, akasema, "Kama huwezi kusema, andika, uwape wasome wenyewe." Nimeandika polepole, jioni kwa jioni. Mambo ya tiketi na nauli nimeyaacha.

Kwa asiyetufahamu vizuri, sisi tunakaa Makandana, hapa Tukuyu. Mimi ni fundi wa nguo, kama marehemu baba na marehemu babu. Tukuyu wanatuita Waswahili, ingawa nyumbani tunaongea Kinyakyusa kama wao, kwa sababu mzee aliyeanzisha ukoo wetu alitoka Kilwa zamani za misafara ya pembe za ndovu. Alikuwa karani wa msafara na mtunzi wa tenzi. Nyumbani tunamwita Babu Karani tu. Mguu wake uliharibika njiani, wenzake wakamwacha huku Rungwe na kumwambia watarudi kumchukua. Hawakurudi. Mguu ulipona, akaoa, akapanda migomba, akamalizia utenzi aliouanza njiani.

Karatasi zake ziliungua pamoja na nyumba, zamani sana. Utenzi ulibaki vichwani mwa wanawake. Mama mkwe alimfundisha mke wa mwanawe jikoni, naye alipokuwa mama mkwe akafanya vilevile, hadi ukamfikia bibi yangu, Bibi Tumpe, binti wa mkulima wa Lupepo. Mimi niliupata kwake utotoni, tukimenya ndizi.

Mwaka huu mtu mmoja aliyeleta nazi sokoni kutoka Kilwa alimsikia Bibi akiusema kwa sauti ndogo huku akichagua maharage. Bibi alipotulia kuvuta pumzi, yule mtu akasema mstari unaofuata. Ndivyo tulivyopata namba ya simu ya Mzee Bakari wa Kilwa Kivinje. Mzee Bakari alisema kwao kulikuwa na karani aliyekwenda Nyasa asirudi, ila makarani walikuwa wengi. "Mleteni mtu ausome mbele yetu kabla ya hitima ya mwezi wa Shabani," akasema. "Tukiridhika, marehemu wenu watasomewa pamoja na wetu, na walio hai tutajuana."

Bibi miguu haimruhusu kusafiri. Baba hayupo. Rehema ana mtoto mchanga. Nikabaki mimi, ambaye hata kuagiza chai hotelini naona haya.

"Gwe, mume wangu," Bibi aliniambia, maana ndivyo anavyoniita akitaka kitu, "mimi nimekuwa mkwe wa watu nisiowajua tangu nikiwa msichana. Wanawake wenzangu wakigombana na mawifi, mimi sina hata wa kugombana naye. Nataka waseme huyu ni wetu, kabla sijafa. Basi."

Tukuyu hadi Songea

Niliondoka na mvua. Bibi alinipa mkungu wa ndizi mbichi za kupika na dumu la maziwa ya mgando, zawadi kwa wakwe. Nilimwambia mkungu ni mzito. Akasema mkwe haendewi mikono mitupu.

Uyole nilisubiri basi la Songea mpaka nikawajua wauza karanga wote kwa sura. Lilipokuja, konda alitazama mkungu, akanitazama mimi.

"Mnyakyusa, unahama?"

"Nasafiri."

"Na shamba?"

Watu walicheka. Niliingia nikakaa dirishani, sikumjibu. Ndipo nikagundua kitu ambacho sikuwahi kukifikiria: nyumbani mimi ni Mswahili, lakini nikifika Uyole tu nimeshakuwa Mnyakyusa.

Kuanzia Makambako baridi iliongezeka, na Njombe ilikuwa kali kuliko ya kwetu. Tulisimama kula. Nilinunua viazi vya kuchemsha kwa mama mmoja aliyevaa makoti mawili. Nilidhani ananiuliza kama nataka chumvi, nikaitikia kwa kichwa, akaniuliza tena, nikaitikia tena. Alikuwa anauliza kama nina chenji. Nilikula viazi bila chumvi.

Njiani nilikuwa nafanya mazoezi. Ule utenzi ni mrefu na nilikuwa sijawahi kuusema mbele ya mtu yeyote isipokuwa Bibi. Niliinamisha kichwa na kuusema kwa kunong'ona, nikirudia pale ninapokosea. Kijana aliyekaa nami alinitazama kwa muda, kisha akachukua begi lake akahamia nyuma. Nafikiri aliona nina uganga.

Songea tulifika giza limeingia. Nililala nyumba ya wageni karibu na stendi. Mhudumu alikataa mkungu usiingie chumbani, akasema utaleta wadudu. Ulilala mapokezi.

Songea hadi Masasi

Basi hili lilikuwa kuukuu. Aliyekaa pembeni yangu alikuwa mama wa makamo anayerudi Tunduru, jina lake Mama Hadija, mwenye mdomo usiochoka. Tulipopita Namtumbo alikuwa ameshanieleza ndoa za watoto wake wote. Mimi nilijibu ndiyo na hapana, kisha akalala, nikaanza tena kunong'ona.

Kumbe hakuwa amelala. Aliniacha niendelee, halafu akasema amefumba macho, "Ustadhi, hiyo dua yako ni ya safari?"

Kabla sijamjibu, springi ya nyuma ilikatika. Gari liliinama upande wetu, likasimama porini. Hakuna nyumba, hakuna kivuli cha maana, ni miti mifupi na jua. Dereva na konda waliingia uvunguni. Abiria tulishuka. Mama Hadija akatangaza, "Msihofu, tuna ustadhi hapa, ameanza kutuombea toka asubuhi."

Watu waligeuka kunitazama. Mzee mmoja alivua kofia yake akaivaa vizuri, tayari kuitikia dua. Nilisema kwa sauti ambayo hata mimi sikuisikia vizuri kwamba si dua, ni utenzi wa babu yangu.

"Utenzi wa nini?" konda aliuliza kutoka uvunguni.

"Wa safari."

"Basi useme. Hapa hatuondoki leo wala kesho."

Sikuwa na pa kukimbilia. Nilitazama gurudumu nikaanza:

*Twatoka alfajiri,*
*mizigo imekithiri,*
*mbele yetu ni tajiri,*
*mimi nyuma na huzuni.*

Walisikiliza, labda kwa kukosa kazi nyingine. Nilisema walivyovuka mto na kupoteza mizigo ya chumvi. Nikasema tajiri wa msafara alivyopima mchele kwa kiganja chake mwenyewe, na wapagazi wakalala na njaa. Hapo konda akatoa kichwa. "Matajiri hawajabadilika," akasema, akamtazama dereva. Dereva akamwambia ashike spana. Nilipofika kwenye mguu, Mama Hadija alikaa chini kabisa:

*Mguu ukanivimba,*
*tajiri akaniamba:*
*"Hapa kaa kwenye shamba,*
*tutarudi kwa yakini."*

"Muongo huyo!" Mama Hadija alisema. "Harudi huyo!"

"Mwache amalize," yule mzee akasema.

"Najua wanaume wanaosema tutarudi. Nimezaa nao."

Sikumaliza. Springi ilifungwa kwa mpira na vyuma, tukapakia. Tangu hapo sikulala njaa. Mmoja alinipa korosho, mwingine muhogo wa kukaanga, na Mama Hadija alipofika kwake Tunduru alinisukumia wali na samaki wa mkaango kwenye kifuko. Alisema, "Ukifika huko waambie yule tajiri alikuwa mshenzi."

Baada ya Tunduru joto lilizidi, na maziwa ya Bibi yakaanza kuumuka. Mfuniko wa dumu uliruka kwa kishindo, watu wakainama wakidhani tairi limepasuka. Maziwa yalimwagikia viatu vya dereva wa akiba, ambaye alikuwa amesimama mlangoni. Alinusa, akachota kwa kidole, akaonja. "Haya ndiyo maziwa," akasema, akaomba kikombe. Yaliyobaki tuligawana mpaka Masasi. Zawadi ya wakwe ikawa ni mkungu peke yake, na nao nilipouangalia kwenye taa za stendi, ulikuwa umeanza kuwa wa njano.

Masasi hadi Kivinje

Kutoka Masasi nilishuka njia panda ya Mnazi Mmoja, nikapanda gari lingine kupitia Lindi. Wengi mnauliza kuhusu bahari. Niliiona Lindi kupitia kioo. Ni maji mengi. Nilipoiona tena Kivinje ilikuwa imerudi nyuma, imeacha tope na mikoko, na watoto wanatembea mahali ambapo kabla ya hapo kulikuwa na maji. Sijui la kuongeza.

Nangurukuru nilipanda bajaji mpaka Kivinje. Dereva alisema mkungu ulipe nauli ya mtu. Niliona sawa, maana ulikuwa umekaa kwenye kiti kabla yangu.

Kivinje ni mji wa nyumba za mawe zilizobomoka na nyumba mpya katikati yake. Kwenye ukuta mmoja mti umeota ndani na kutokea dirishani. Nilimuuliza mwanamke anayekaanga vitumbua nyumbani kwa Mzee Bakari ni wapi. Aliniuliza, "Wewe ndiye mtu wa utenzi?" Kumbe mtaa mzima ulikuwa unajua.

Barazani kwa Mzee Bakari

Walinipokea vizuri. Maji ya kuoga, chai ya tangawizi, mkate wa kumimina. Mzee Bakari ni mtu mrefu, mpole, anayesikia kwa sikio moja. Dada yake mkubwa, Bi Mwanaidi, ndiye mwenye kumbukumbu za nyumba ile, na ndiye aliyekaa kwenye mkeka karibu nami. Wa tatu alikuwa binamu yao, Mzee Mrisho, seremala, ambaye hakuniamini tangu aliponiona.

"Macho yake ya bara," alisema.

"Amekaa bara, awe na macho ya wapi?" Bi Mwanaidi akamjibu.

Ndizi nilizileta mbele yao. Zilikuwa zimeiva kabisa. Nilitaka kueleza kwamba kwetu zinapikwa mbichi, na nyama, lakini walishaanza kuzimenya na kuzila hivyohivyo. Mzee Mrisho alikula tatu. Hilo halikumbadilisha.

Kabla sijaanza, Bi Mwanaidi alinieleza wanachokijua wao. Msafara ulirudi, tajiri akaja mpaka mlangoni akamwambia mke wa karani kuwa mumewe amekufa njiani. Mke alikaa eda. Alikuwa na mimba, na ukoo wao wote umetoka kwenye mimba hiyo. Miaka mingi baadaye mpagazi mmoja, mgonjwa na karibu kufa, alisema karani hakufa. Aliachwa makusudi kwa sababu ya ubeti mmoja wa mchele, ambao tajiri aliusikia wapagazi wakiuimba wakati wa kupika. "Wakati huo mke ameshaolewa," Bi Mwanaidi alisema. "Habari ya mpagazi ikanyamaziwa. Lakini wanawake hawakuisahau."

Basi nikasema utenzi. Baraza lilijaa, na wengine walisimama barabarani. Beti za mwanzo Bi Mwanaidi alizisema pamoja nami, midomo yake ikitangulia. Kuanzia mguu alinyamaza, kwa kuwa beti hizo hawakuzijua. Nilisema walivyomwachia mkeka na chungu kimoja. Nikasema alivyojifunza Kinyakyusa kwa watoto waliokuja kumcheka. Nikasema alivyohesabu mvua akingoja, mpaka akaacha kuhesabu, akaomba miche ya migomba. Nikanyamaza.

"Endelea," Mzee Bakari akasema.

"Umeisha."

"Hapana, mwanangu. Haujaisha."

"Bibi aliishia hapo."

Walitazamana. Mzee Mrisho akafuta mikono yake taratibu. "Utenzi hauishi hivyo. Mtunzi hujitaja mwishoni. Ataomba radhi, atasema jina lake na kwao. Hata mtunzi mbovu hujitaja. Huu hauna mwenyewe." Alinigeukia. "Mwanzo wake kila mpagazi aliujua. Wapagazi walifika Nyasa, walifika kila mahali. Kwa nini nisiseme watu wenu waliuokota njiani, wakaujazia?"

Nilianza kukusanya maganda ya ndizi.

"Babu yako, baba yake aliitwa nani?" akauliza.

"Fundi."

Barabarani walicheka. "Fundi ni kazi! Na mimi ni fundi!" mmoja wao akapaza sauti.

"Mji mzima walimwita Fundi," nilisema. "Sikuwahi kusikia jina lingine."

"Mjukuu asiyejua jina la babu wa babake," Mzee Mrisho alisema, lakini hakucheka. Mzee Bakari alikuwa anatazama sakafu. Nilielewa kwamba ananionea huruma, na kwamba hitima itasomwa bila ya watu wangu.

Nikampigia Rehema. Nadhani ndiyo mara ya kwanza maishani nimefanya jambo mbele ya watu bila kufikiri. Niliweka spika ya nje. Rehema alimpelekea Bibi simu jikoni.

"Mume wangu, umefika? Ndizi wamekula?"

"Wamekula, Bibi. Wanasema utenzi haujaisha."

Nilisikia akivuta kigoda, akakaa.

"Haujaisha," akasema.

"Mbona hukunifundisha?"

"Ule ubeti sikumfundisha mtu. Baba yako sikumfundisha. Una jina la mkwe wangu."

Hapo ndipo nilipoelewa, na ikabidi niwaeleze wale wa barazani, kwa kuwa wao hawajui mila za kwetu. Mwanamke wa Kinyakyusa wa zamani halitaji jina la baba mkwe wake. Hakutani naye uso kwa uso. Akimwona anakuja njiani, anatoka kando, anajifunika nguo na kuchuchumaa, mpaka mzee apite. Baba mkwe wa Bibi, yule tuliyemwita Fundi, alirithi jina halisi la babu yake, Babu Karani. Kwa hiyo Bibi alipoletewa utenzi na mama mkwe wake, aliupokea wote, na tangu siku hiyo akauishia kabla ya jina. Mila hiyo niliijua, kama unavyojua mambo ya wazee, bila kufikiri kuwa inakuhusu.

"Huyo mkwe yu hai?" Mzee Mrisho akauliza.

"Alikufa kabla sijazaliwa."

"Amekufa, na bado anamwogopa?"

"Si woga huo," Bi Mwanaidi akasema. "Wewe hata mama mkwe wako aliye hai humwogopi."

Mzee Bakari aliinamia simu, akaongea kwa sauti ya mtu asiyesikia vizuri. "Bibi, salamu za huku. Tusomee huo ubeti, pale pasipotamkika uparuke."

Bibi alikohoa. Akasema kwa sauti yake ndogo ya jikoni:

*Mtunzi ukimtaka,*
*wala si wa kutoweka,*
*kwetu Kilwa nilitoka,*
*mimi ndiye...*

Akaishia hapo.

Mzee Mrisho alihesabu mizani kwa vidole. "Zimebaki nne," alisema. "Na mwisho wake ni *ni*, kama beti nyingine." Alifikiri. "Majina mengi yanaingia hapo. Hii bado si kitu." Kisha akaivuta simu karibu yake. "Bibi, ni Athumani?"

"Athumani simjui," Bibi akasema.

"Ramadhani?"

"Ramadhani yupo hapa nyuma, anauza viatu vya mitumba. Ana shida gani?"

Watu walicheka, hata Mzee Bakari. Mzee Mrisho hakucheka. Aliwatazama nduguze mmoja mmoja, kama anayewaomba ruhusa, kisha akalitaja polepole jina la karani wao, "Selemani?"

Tulisikia kigoda kikianguka, na sufuria.

"Bibi?" niliita. "Bibi!"

Sauti iliyokuja ni ya Rehema, anahema. "Mmemwambia nini Bibi? Ametoka mbio na miguu yake ile mibovu! Yuko kule kwenye migomba, amejifunika kanga kichwa kizima, amechuchumaa. Namwita haitiki. Yusufu, mmemfanya nini?"

Mzee Bakari alivua kofia, akaishika magotini. Mzee Mrisho alibaki ameinamia simu, mkono mdomoni, kama mtu aliyefungua mlango wa watu bila kubisha hodi.

Bi Mwanaidi ndiye aliyenyoosha mkono akaichukua simu. Hakuhitaji kuelezwa mara ya pili.

"Binti yangu," alimwambia Rehema, "nenda pale alipo mkwe wetu. Mwinue. Mwambie arudi ndani, mzee ameshapita."